Wasiwasi katika Ndoa: Unavyogusa Mwili, Mawazo na Matendo



Tuanze na mfano. Hii si habari ya mtu fulani, lakini wengi wenu mnaoishi Kericho na Bomet mtaona kana kwamba watu hawa ni majirani zenu.

Ni saa nane za usiku. Jioni mvua ya mawe ilipiga mabati kwa kishindo, na sasa kumetulia. Mke anageuka kitandani na kukuta mahali pa mumewe ni patupu. Anamkuta jikoni, ameketi gizani karibu na majivu.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Siumwi. Rudi ulale."

Asubuhi mume anamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Anatoka bila kuaga, na jioni anarudi akinuka pombe. Hii ni wiki ya tatu. Mke naye anaanza kuhesabu moyoni: usiku halali, chakula hali, kitandani hanigusi, na pesa hasemi zimekwenda wapi. Mwishowe anaamua: "Huyu ana mwanamke mwingine."

Kumbe mume hana mwanamke mwingine. Mawe yamechana majani ya chai, bonasi aliyoitarajia amekwisha kukopa juu yake, na mtoto wa kwanza anatakiwa kuingia shule ya bweni mwezi wa Januari. Tangu hapo moyo wake unakwenda mbio hata akiwa ameketi. Anadhani ni ugonjwa wa moyo, na anaogopa kusema.

Watu hawa wawili wanapendana. Wanakaribia kutengana kwa sababu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitaja kwa jina. Jina lake ni wasiwasi. Katika somo hili tutaona jinsi wasiwasi unavyofanya kazi katika mwili, katika mawazo na katika matendo, ili mume na mke waweze kuutambua kabla haujawagombanisha.

1. WASIWASI NI NINI?

Hofu huja mbele ya hatari iliyopo. Mchuma chai akiona nyoka juu ya mchai huruka nyuma, na nyoka akiisha kuondoka, hofu nayo huondoka. Wasiwasi huja kwa ajili ya hatari ambayo haijafika, na pengine haitafika kamwe. Ndiyo maana hauna saa ya kuondoka.

Wazee walisema wasiwasi ndiyo akili. Ni kweli. Mtu asiye na wasiwasi hata kidogo haweki akiba ya karo, hapeleki mtoto mwenye homa zahanati, wala hazibi paa kabla ya mvua. Wasiwasi wa kiasi hutuamsha tufanye lililo lazima. Ubaya huanza pale unapobaki hata baada ya kazi yake kwisha, kama mbwa anayebweka usiku kucha ilhali mwizi hayupo.

Madaktari huangalia mambo matatu. Je, wasiwasi umezidi ukubwa wa jambo lenyewe? Je, umekuwapo siku nyingi zaidi kuliko siku za utulivu, kwa muda wa miezi 6 hivi au zaidi? Na je, unamzuia mtu kufanya kazi, kulala, au kuishi vizuri na watu wake? Majibu yakiwa ndiyo, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika. Wala wenye shida hii si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Hapa kwetu sababu za wasiwasi hazitafutwi mbali. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi hadi mwezi. Sehemu nyingine, ile tunayoiita bonasi, humjia mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba. Karo, deni la mbolea, harusi ya mdogo wake, yote huahidiwa kwa fedha ambazo bado hajajua ni ngapi. Mwaka 2025 bonasi ya viwanda vingi vya Kericho na Bomet ilishuka, na nyumba nyingi zilijikuta na ahadi kubwa kuliko mkono. Juu ya hayo, nchi yetu hii ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Wale wanaofanya kazi katika mashamba makubwa nao wana wasiwasi wao. Wameona mashine za kuchuma zikifanya kazi iliyofanywa na mikono mingi. Mwezi wa Mei 2023 hasira juu ya mashine hizo ilizaa ghasia huko Kericho, na baadhi ya mashine zikachomwa moto. Kwa mchumaji anayekaa katika nyumba ya kampuni, kupoteza kazi ni kupoteza na paa siku ileile. Kwa hiyo tusimcheke mtu mwenye wasiwasi. Mara nyingi ana sababu. Swali letu ni hili: wasiwasi huo unamfanya nini yeye, na unaifanya nini nyumba yake?

2. WASIWASI UNAVYOGUSA MWILI

Mwili wetu una kengele ya hatari. Ubongo ukidhani kuna hatari, hupeleka habari haraka kwa tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga damuni kemikali iitwayo adrenalini, na baadaye nyingine iitwayo kotisoli. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake jinsi mabadiliko haya yanavyomtayarisha mnyama na mwanadamu kupigana au kukimbia.

Tazama jinsi kila dalili ilivyo na maana yake:

Moyo hupiga mbio ili upeleke damu nyingi kwenye misuli ya miguu na mikono.

Pumzi huwa fupi na za haraka ili mwili upate hewa. Lakini mtu akipumua hivyo huku ameketi tu, hewa ya kaboni hupungua kupita kiasi katika damu yake. Ndipo anaposikia kizunguzungu, vidole na midomo kufa ganzi, na kifua kubana. Wengi wakifika hapo hudhani wanakufa.

Misuli hukaza tayari kwa vita. Ikikaa hivyo wiki nzima, shingo hukakamaa, mabega huuma, na kichwa hugonga kana kwamba kimefungwa kamba.

Tumbo husimamisha kazi yake, kwa sababu mtu anayekimbia hatari hana haja ya kusaga chakula. Cannon huyo aliwatazama paka kwa eksirei wakati wa kula, akaona kwamba paka akifadhaika, tumbo lake lililokuwa likisaga chakula hutulia mara moja. Ndiyo sababu mtu mwenye wasiwasi hukataa chakula, husikia kichefuchefu, huendesha, au huhisi tumbo limejaa mawe.

Jasho hutoka, mdomo hukauka, na haja ndogo humwita mara kwa mara.

Usingizi hupaa, maana mlinzi wa boma halali. Mtu hulala saa nne kwa uchovu, saa nane yu macho, na mawazo yote yanamngoja.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi isipokuwa kwa kunong'ona. Mwili ulio katika hali ya vita hauna nafasi ya tendo la ndoa. Mume aweza kushindwa, mke aweza kukosa hamu kabisa. Hapa ndipo ndoa nyingi hujeruhiwa bure. Mke hudhani hapendwi tena, na mume hudhani amekwisha uanaume wake. Kisha anaanza kuuogopa usiku wenyewe, na hofu hiyo inamfanya ashindwe tena. Mkilijua jambo hili mapema, mtaokoa machozi mengi.

3. WASIWASI UNAVYOGUSA MAWAZO

Mtu wa kwetu akiwa na wasiwasi hasemi "nina wasiwasi." Husema, "Nina mawazo." Hiyo ni lugha sahihi kabisa, kwa sababu ugonjwa huu hukaa sana katika kuwaza. Washona wa Zimbabwe nao wanalo neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi.

Mawazo ya wasiwasi yana tabia zake. Ya kwanza ni kuuliza "itakuwaje kama" bila kungoja jibu. Itakuwaje kama bonasi ikiwa ndogo? Itakuwaje kama mtoto akirudishwa nyumbani? Kila swali huzaa lingine, na hakuna hata moja linalojibiwa.

Ya pili ni kuruka moja kwa moja hadi mwisho mbaya kabisa. Mwana wa shule hakupiga simu Jumapili. Mzazi mwenye utulivu husema, "Labda foleni ya simu ilikuwa ndefu." Mwenye wasiwasi tayari anamwona mtoto hospitalini.

Ya tatu ni macho kuona hatari tu. Mke amesema maneno mema kumi na neno moja kali, na mume anabaki na lile kali. Karani wa kituo cha majani hakumsalimu kwa uchangamfu, naye anadhani kikapu chake kitakataliwa.

Ya nne ni kushindwa kukaza fikira. Mtu anasoma ujumbe wa simu mara tatu bila kuelewa. Anatumwa chumvi dukani, anarudi na sabuni. Nyumbani anaambiwa hajali, kumbe akili yake imejaa kama gunia.

Elewa jambo hili vizuri: mawazo haya humjia mtu kama ukweli. Hayamjii kama dhana. Kwa hiyo kumwambia "wacha kuwaza" hakumsaidii, kama vile kumwambia mwenye homa "wacha kuwa na joto."

4. WASIWASI UNAVYOGUSA MATENDO

Moyo unaokwenda mbio hauonekani kwa macho, wala mawazo hayaonekani. Mwenzako wa ndoa huona matendo tu. Na matendo ya wasiwasi hayafanani na wasiwasi. Hufanana na ubaya.

Kukwepa hufanana na uvivu au udanganyifu. Mwenye deni hapiti tena mbele ya ofisi ya Sacco. Hafungui ujumbe. Akiona namba asiyoijua, hazungumzi. Hasemi habari za karo hata akiulizwa.

Hasira hufanana na chuki. Mwili ulio tayari kupigana hutafuta wa kupigana naye, na watu wa karibu ni mke, mume na watoto.

Kuuliza-uliza hufanana na wivu. Mke anampigia mumewe mara sita: "Uko wapi? Umefika? Uko na nani?" Pengine hamshuku. Anaogopa kwamba pikipiki imeanguka. Jibu humtuliza kwa dakika chache, kisha hofu hurudi, naye hupiga tena.

Ukimya hufanana na kiburi. Na katika mila ya Wakipsigis, kama kwa Wakalenjin wengine, kijana alifundishwa kutahiriwa bila kupepesa macho. Ni fundisho la ushujaa, nalo limewasaidia wengi kustahimili. Lakini mwanamume mwingine hulibeba hata ndani ya chumba chake, akadhani kumwambia mkewe "naogopa" ni kuaibisha ukoo.

Pombe hufanana na anasa. Glasi ya kwanza hutuliza kweli. Lakini pombe ikitoka mwilini, kengele hulia kwa nguvu zaidi, na asubuhi wasiwasi umeongezeka. Basi mtu hunywa tena ili atulize ule ulioletwa na pombe ya jana.

Kazi bila kupumzika pia ni dalili, ingawa watu huisifu. Mama anayefua saa tano usiku na kufagia ua ulio safi, huenda anayakimbia mawazo yanayomngoja akikaa.

5. DUARA LINALOJIZUNGUSHA

Mambo haya matatu hayaendi kila moja peke yake. Hushikana mikono. Turudi kwa yule mume wa jikoni.

Anapanda mlima na kikapu, moyo unapiga. Huo ni mwili. Anawaza, "Moyo wangu umeharibika, nitaanguka." Hayo ni mawazo. Wazo hilo linaogofya, basi adrenalini inaongezeka na moyo unapiga zaidi. Anatua kikapu, anarudi nyumbani, na kesho hatoki. Hilo ni tendo. Mara tu anapokaa chini anasikia nafuu, na akili yake inajifunza somo la uongo: "Nimepona kwa sababu nilikimbia." Kesho kutwa hofu inakuja mapema zaidi. Tena sasa kilo zimepungua, fedha zimepungua, na sababu ya wasiwasi imekuwa kubwa.

Ndani ya ndoa duara hili huwa na watu wawili. Mume ananyamaza. Ukimya wake unamtia mke wasiwasi, naye anauliza kwa ukali. Ukali unampa mume wasiwasi zaidi, naye anakwenda kilabuni. Kila mmoja anaogopa, na kila mmoja anaona matendo ya mwenzake tu. Hakuna mkosaji wa kwanza hapa. Lakini yuko anayeweza kuwa wa kwanza kulikata duara.

6. MNAWEZA KUFANYA NINI?

Duara hukatwa popote: kwa upande wa mwili, wa mawazo au wa matendo.

(a) Tulizeni mwili. Keti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu hadi 4, kisha uitoe polepole ukihesabu hadi 6. Endelea dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa huuambia mwili kwamba hatari imepita. Fanyeni pamoja jioni, msingoje hofu ije. Na hofu kali ikimshika mwenzako ghafla, usipige kelele. Keti karibu, hesabu naye pumzi, mkumbushe kwamba kishindo hiki hufika kileleni kwa dakika chache kisha hushuka.

Hapa niseme neno ambalo halitapendeza nchi ya chai. Chai ina kafeini, nayo huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Vikombe sita vya chai kali, cha mwisho saa tatu usiku, si rafiki wa mwenye wasiwasi. Nyweni asubuhi kwa furaha, na kuanzia alasiri punguzeni. Jioni maziwa au uji vinatosha.

(b) Yatoeni mawazo kichwani, yawekeni mezani. Chukueni daftari. Andikeni yote yanayowasumbua, kisha yagaweni mafungu mawili: yale tunayoweza kufanya jambo, na yale tusiyoyaweza. Bei ya chai mnadani Mombasa hamuiwezi. Mvua ya mawe hamuiwezi. Lakini mnaweza kwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya Januari na kuomba kulipa karo kwa mafungu. Mnaweza kuacha kukopa juu ya bonasi isiyotangazwa. Chagueni jambo moja la fungu la kwanza, mlifanye wiki hii.

Kwa wazo linalokuja usiku, jiulize maswali matatu. Nina ushahidi gani? Je, kuna maelezo mengine? Ningemwambia nini ndugu yangu kama ndiye angewaza hivi? Ukiona bado linakusumbua, liandike na ulipangie saa: "Nitalishughulikia kesho saa kumi na moja jioni." Akili hukubali kungoja ikijua zamu yake itafika.

(c) Rudini kidogo kidogo kwenye lile mnalolikwepa. Anayeogopa ofisi ya Sacco asiambiwe aende leo kulipa deni lote. Leo afungue ujumbe, ausome pamoja na mkewe. Wiki ijayo waende wote wawili, waulize tu baki ni kiasi gani. Kila hatua huifundisha akili somo la kweli: "Nilikwenda, na sikufa."

(d) Usimdharau mwenzako, wala usimbebe. Kumdharau ni kusema, "Wanaume wengine wanaweza, wewe una nini?" Kumbeba ni kufanya kila kitu anachokiogopa, hata asitoke tena nyumbani. Njia ya katikati ni kusema, "Najua unaogopa. Twende pamoja."

(e) Ulizeni kwa njia inayofungua mdomo. Badala ya "Una nini wewe siku hizi?" mke aweza kusema, "Baba watoto, nimeona hulali wiki hii ya tatu. Sikukasirikii. Nataka kujua unachokibeba." Naye mume ajaribu sentensi moja tu: "Mama watoto, naogopa habari ya karo." Si lazima aeleze yote siku ya kwanza. Na anayesikiliza asikimbilie kutoa shauri. Kwanza asikilize hadi mwisho, kisha aulize, "Kuna lingine?" Chagueni wakati ufaao, watoto wakiwa wamelala na hakuna aliyekunywa.

Msidhani mashauri haya ni ya Wazungu wenye nafasi. Huko Harare, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na hapa Kenya, huko Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya wasio madaktari walifundishwa mpango wa vikao 5 ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani: kupumua polepole, kutatua matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kukusaidia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu kwa akina mama walioshiriki. Kama nyanya wa Harare anaweza kufanya hivyo kwa mgeni, mume na mke wanaweza kuanza kwa kusikilizana.

7. WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwanza, moyo kwenda mbio si wasiwasi kila mara. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingoni, pumu na maradhi ya moyo yenyewe huweza kuleta dalili zilezile. Nenda kituo cha afya upimwe. Maumivu makali ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia, ni jambo la kukimbiza hospitalini siku hiyohiyo.

Ukipimwa na kuambiwa moyo ni mzima, usikasirike kana kwamba umeitwa mwongo. Maumivu yako ni ya kweli, ila chanzo chake ni kengele inayolia bure. Mweleze daktari wazi: usingizi, mawazo, hofu. Yapo mazungumzo ya tiba na zipo dawa zinazosaidia. Usijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Baadhi humfunga mtu, asiweze kuviacha. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni aangaliwe kwa uangalifu zaidi, maana wasiwasi wa wakati huo ni wa kawaida na mara nyingi hupuuzwa.

Kama mtu anasema afadhali afe, msimwache peke yake na msimgombeze. Mpelekeni hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya simu isiyolipiwa, 1199, kwa wanaohitaji kuzungumza na mshauri.

Jambo la mwisho ni zito. Kama mke au mume anatetemeka kwa sababu anapigwa nyumbani, hofu yake ina haki, na hatari iko palepale. Asiambiwe apumue polepole na avumilie. Anahitaji usalama kwanza: watu wa kumpokea, hospitali, na polisi. Namba 1195 hupokea simu za waliotendewa ukatili wa nyumbani, bila malipo.

8. MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Wasiwasi ukinishika, ni sehemu gani ya mwili wangu hutangulia kusema? Je, mwenzangu anaijua?

2. Ni tendo gani langu ambalo mwenzangu amelidhania kuwa chuki, uvivu au wivu, kumbe lilikuwa hofu?

3. Ni jambo gani tunalolikwepa sisi wawili? Hatua ya kwanza ndogo ni ipi?

4. Tumekwisha kuahidi kiasi gani cha bonasi ijayo? Je, sote wawili tunajua hesabu?

5. Wazazi wetu walipokuwa na hofu walifanya nini? Tumerithi nini kwao, na tungependa watoto wetu warithi nini kwetu?

Msijibu yote usiku mmoja. Swali moja kwa juma linatosha.

Na sasa turudi jikoni, saa nane za usiku. Mume bado ameketi gizani, mke amesimama mlangoni. Mara hii haulizi kama anaumwa, wala hasemi "rudi kitandani." Anavuta kigoda, anaketi kando yake, na kusema, "Ni karo, sivyo? Hata mimi sijalala." Mawe yaliyoanguka hayarudi mawinguni, na deni halijapungua hata shilingi. Lakini wasiwasi uliokuwa wa mtu mmoja sasa una watu wawili wa kuubeba, na kesho asubuhi watatafuta daftari.